Mawe manne ya Kitonga

Kijana alikuwa na kandambili miguuni, na kifuani amekumbatia matawi mabichi kama mtu aliyekatiwa kuni na mvua inakuja.

Tulikuwa katikati ya mlima Kitonga, saa tisa kasoro za alasiri, tunapanda kuelekea Iringa. Mbele yetu magari matatu kulikuwa na semi iliyokata roho kwenye kona. Tulisikia upepo wa breki ukitoka kwa kishindo, kisha kimya, kisha mlango wa upande wa utingo ukafunguka na kijana akaruka chini kabla hata tela halijatulia.

Jambo la kwanza alilofanya ni mawe. Moja alilisukuma kwa mguu mpaka likaingia nyuma ya tairi. La pili alilibeba tumboni, amepinda mgongo. La tatu na la nne aliyatoa pembeni ya mtaro, akayapigilia kwa kisigino yakae. Ndipo akaingia kichakani. Tukaona mti mmoja unatikisika, matawi yanachanika, na akatoka na ule mzigo wa majani.

Kisha akashuka kinyume chetu. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, kwa hiyo nilimwona alivyolipita basi letu na pikipiki mbili zilizokuwa nyuma yetu. Akalaza tawi la kwanza kwenye lami. Hatua kama kumi, tawi la pili. Hatua kumi nyingine, la tatu. Nilidhani ataishia kwenye kona, kwa sababu wengi huishia hapo. Yeye aliizunguka kona, nikampoteza machoni.

Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Kandambili moja imekatika mkanda, ameishika. Alikuwa anahema kwa mdomo.

Ndani ya basi watu walikuwa wanalalamikia joto. Mama mmoja alisema malori yapigwe marufuku mchana. Baada ya dakika arobaini hivi tuliruhusiwa kupita upande mmoja mmoja, tukalipita lile lori taratibu, na kijana alikuwa amejilaza chini ya tela, miguu tu ndiyo inaonekana. Mguu mmoja hauna kandambili.

Hii ni wiki ya sita. Bado naviona vile visigino.

Jiwe la Ilula

Inabidi niseme kwa nini.

Nayachukia mawe ya barabarani. Kwetu ni Ilula, na mtoto wa Ilula anaijua barabara kuu kama mtoto wa Pwani anavyoyajua maji. Tumekulia pembeni yake. Nyanya zetu zinauzwa pembeni yake. Usiku unalala ukisikia malori yanabadilisha gia, na ukienda kusoma mkoani kwingine unakosa usingizi kwa sababu ya ukimya.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anaendesha bodaboda. Miaka minane iliyopita alimshusha mteja usiku, akawa anarudi peke yake. Katikati ya upande wake wa barabara palikuwa na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Lori hakuna. Majani hakuna. Gari lililokuwa limeharibika hapo lilishatengenezwa likaenda zake Zambia, au Kongo, au Makambako tu, hatukujua. Jiwe lilibaki.

Mguu wake wa kulia haukurudi kuwa mguu. Leo anauza nyanya kwenye ndoo za plastiki, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele yake kama kitu cha mtu mwingine alichoambiwa akitunze.

Kwa miaka yote hiyo kila nilipoona mawe kwenye lami nilimlaani aliyeyaweka. Sikuwa na sura ya kumlaani, kwa hiyo niliwalaani wote: kila utingo, kila dereva wa semi.

Sasa nimepewa sura. Na sura yenyewe ni ya kijana aliyekimbilia mawe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu nyuma ya tela lake kulikuwa na gari dogo lenye mama na watoto wawili, na lile tela lingerudi nyuma hata mita tatu, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia kaka. Nilisimulia kwa uangalifu, nikikwepa neno "jiwe" mpaka halikukwepeka. Alikuwa anafuta nyanya kwa kitambaa, moja moja, akizipanga zile zenye afya juu.

"Jiwe halina kosa," alisema. "Lile lilikuwa limeshika gari zima."

Akafuta nyanya tatu au nne hivi.

"Kosa ni kuondoka."

Mapipa

Nikaenda kumuuliza baba mdogo nani aliwafundisha matingo kuweka majani. Yeye alianza utingo mwaka 1967, kijana mdogo, na akaja kustaafu akiwa dereva. Nilitegemea aniambie habari za polisi au za shule ya udereva.

"Mapipa," alijibu.

Historia yenyewe tunaijua kwa juu juu, tuliisoma darasani. Novemba 11, 1965, Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, na karibu kila kitu ilichokula, ilichochoma na ilichouza kilipita kusini, kwenye reli ya hao hao. Kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatika. Waingereza, Wamarekani na Wakanada wakawa wanasafirisha mafuta kwa ndege, lakini nchi nzima haiwezi kuishi kwa mafuta ya ndege. Njia iliyobaki ilikuwa Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam mpaka mpakani Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, sehemu kubwa wakati ule ikiwa vumbi kiangazi na tope masika.

Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania, yakaletwa malori ya Fiat kutoka Italia. Yalikwenda na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Madereva waliozungumza Kiingereza waliiita Njia ya Jehanamu. Baba mdogo hakuwahi kuiita hivyo. Yeye anasema tu "njia ya Zambia", kama wazee wengi wa kwetu mpaka leo.

Alichokumbuka kwanza hakikuwa hatari. Kilikuwa harufu. Pipa la lita 200 halifungi vizuri likishagongwa gongwa, na ukilala juu ya mzigo wiki nzima, petroli inakuingia mpaka kwenye jasho. "Hata ugali ulikuwa na harufu ya petroli," alisema. "Ukimshika mtoto analia."

Halafu akaeleza majani. Kiangazi, gari likipita, vumbi linasimama hewani kama ukuta. Wa nyuma haoni mita tano. Reflekta hakuna, taa za nyuma zimevunjika tangu safari ya kwanza. Gari lako likilala njiani na umepakia mapipa, anayekuja nyuma yako naye amepakia mapipa. Akikuvaa, hamfi wawili tu.

"Sasa hapo nani akufundishe?" aliniuliza. "Unakata tawi. Unaliweka mbali, siyo karibu. Karibu ni kumwambia mwenzako *umeshafika*. Mbali ndiyo kumwambia *punguza*."

Nilimfikiria kijana wa Kitonga akiizunguka kona.

Mengine yakaja haraka, ukilinganisha na serikali zinavyokwenda. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968. Marekani na Benki ya Dunia, ambao hawakutaka kugharamia reli, walitoa fedha za lami. Reli wakaijenga Wachina kati ya 1970 na 1975. Barabara nayo ikakamilika mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ukitoka Makambako kwenda Mbeya mpaka Tunduma, lami na reli zinakwenda kama ndugu waliogombana: karibu, kila mmoja na lake.

Kinachonigusa katika habari hii si ukubwa wa miradi. Ni kwamba lami iliyopita mbele ya nyumba yetu haikuwekwa kwa ajili yetu kwanza. Nchi yenye miaka minne tangu uhuru wake ilifungua mlango wa nyuma ili jirani asife njaa. Nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilikuja baadaye, vikajipatia soko kwenye barabara ya kumwokoa mtu mwingine.

Indiketa ya kushoto

Kuna usiku mmoja sijawahi kuuandika.

Nilikuwa naendesha mwenyewe kati ya Mafinga na Makambako, kule kwenye misitu ya misonobari ambako ukungu unashuka bila taarifa. Mbele yangu lori refu, mwendo wa arobaini. Nilijaribu kuchungulia mara tatu, nikarudi. Barabara ya njia mbili haikupi kuona. Inakupa mgongo wa mtu aliyekutangulia, basi.

Dereva wa lile lori akawasha indiketa ya kushoto.

Kila anayetumia barabara hii anaijua lugha hiyo. Kushoto: pita, mbele ni kweupe. Kulia: tulia, kuna mtu anakuja. Sheria inasema indiketa ni ya kuonyesha unakoelekea wewe. Barabarani ni ya kumwonyesha mwenzako anachoweza kufanya yeye. Na usiku wanaokuja mbele yako wanakuwashia ya kulia kukuonyesha bodi yao imeishia wapi, usije ukaichuna.

Nilipita.

Nilipita nikiwa sioni chochote, na mtoto wangu amelala kiti cha nyuma, kwa neno la mtu nisiyemjua jina, nisiyemwona uso, ambaye pengine hakuwa amelala tangu Dar es Salaam. Mbele kulikuwa kweupe kweli. Nikapiga honi mara mbili ya asante, naye akajibu kwa taa.

Ni baadaye, nimeshalala kitandani Makambako, ndipo mwili ulianza kutetemeka. Je, kama indiketa ilikuwa imewaka kwa sababu anataka kusimama pembeni? Kama ilikuwa mbovu, inawaka yenyewe? Kama alipima mwendo wa gari dogo jipya, na langu ni la zamani?

Nilimweleza baba mdogo. Alininyamazia muda mrefu kiasi cha kunitia aibu. Kisha akasema yeye katika miaka yake yote aliwasha ya kulia mara nyingi kuliko ya kushoto. Ya kulia ikikosewa, mtu anachelewa. Ya kushoto ikikosewa, unaibeba mpaka kaburini. Kuna madereva, alisema, hawaiwashi kabisa ya kushoto, na siyo kwa roho mbaya.

Hilo lilinigeuza. Nilikuwa nimewahesabu hao kuwa watu wa choyo.

Njia nne

Barabara inapanuliwa, na mimi nataka ipanuliwe. Naliandika hili waziwazi kwa sababu najua msomaji ataweza kudhani naupamba ufinyu wake. Kutoka Kimara mpaka Kibaha njia sasa ni nane, na tunakumbuka nyumba zilizovunjwa mwaka 2017 ili zipite. Mbeya nako wanatanua kutoka Uyole kwenda uwanja wa ndege wa Songwe. Upande wa Kibaha, Chalinze na Morogoro kuna mpango wa barabara ya kulipia.

Machi 11, 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena lililalia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Barabara yenye nafasi katikati ingewapa nafasi ya kuishi, baadhi yao. Sitabishana na mtu juu ya hilo.

Na Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukawaka. Zaidi ya 100 walikufa. Msamvu haikuwa habari ya upana wa njia. Ila nikiisoma sasa baada ya kumsikiliza baba mdogo, naona petroli ile ile iliyokuwa kwenye ugali wake. Bomba lipo, reli ipo, na mafuta bado yanapita juu ya lami, mbele ya nyumba za watu, kama mwaka 1966.

Kuna jambo lingine ambalo nimeliwaza mara nyingi nikipita Lugalo, kwenye ule mnara baada ya Ilula. Agosti 17, 1891, Zelewski alipita hapo na jeshi lake la Kijerumani, wamejipanga mstari mrefu kwa sababu njia haikuruhusu zaidi, na Wahehe wakawamaliza kutoka vichakani. Tunafundishwa ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Lakini njia nyembamba nayo ilipigana siku ile. Anayepita kwenye njia nyembamba yuko mikononi mwa walio pembeni yake, wakitaka mema au mabaya.

Wasiwasi wangu ni mdogo na sijui niuweke wapi. Kwenye njia nane za Kimara sijawahi kuona mtu akiwasha indiketa kwa ajili ya mwingine. Hakuna haja. Kila mtu anaona mwenyewe. Naipenda ile hali ya kuona mwenyewe, naendesha kwa raha. Na nikishapita Kibaha, njia zikibaki mbili, naanza tena kusoma migongo ya watu, na kuna kitu ndani yangu kinaamka ambacho kule nyuma kilikuwa kimelala.

Ukinipa kuchagua kati ya kitu hicho na mguu wa kaka yangu, nachagua mguu. Sihitaji kufikiri.

Kurudi

Nilikaa nyumbani siku tisa. Asubuhi ya kuondoka kaka alinijazia ndoo ndogo ya nyanya za kupeleka mjini, akaifunga kwa gazeti, akasema kitu kimoja tu: "Ukifika pale, angalia."

Nilichagua kiti cha dirishani, upande wa kulia, nyuma ya dereva. Kushuka Kitonga ni kazi ya gia nzito. Basi linanguruma, harufu ya breki za malori inaingia ndani, nyani wamekaa kwenye ukingo wakisubiri maganda ya ndizi. Nilianza kuogopa kwamba sitaijua kona. Kona za Kitonga zinafanana.

Niliijua kwa mti. Pembeni, upande wa pili, ulikuwepo mti mmoja uliochanwa matawi ya chini, na pale yalipong'oka mbao ilikuwa bado nyeupe.

Chini yake palikuwa na doa la oili kwenye lami, pana kama kitanda. Lami yenyewe ilikuwa safi. Nilitazama mpaka tukaizunguka kona na kuteremka ile sehemu nisiyoiona siku ile. Majani yalikuwepo, yamekauka, rangi ya tumbaku, yote yamesukumiwa nje ya mstari.

Mawe yalikuwa kwenye ukingo wa mtaro, yamepangwa moja baada ya jingine. Hayakutupwa. Yamewekwa.

Mtandao ulirudi tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Nikampigia.

"Nimeyaona," nikamwambia. "Yametolewa."

"Mangapi?"

"Manne."

Nilisikia lori likipita upande wake, likameza sauti yake, nikasubiri lipite.

"Aliweka mangapi?"

"Manne, kaka."

"Haya," akasema. "Nyanya usiziweke juani."